Ratiba Ukutani

Ukiuficha ugonjwa wako, iko siku matanga yatautangaza kwa niaba yako. Wahenga waliliweka hilo kwa maneno machache, na Injinia aliyajua vizuri sana, ila kwa ajili ya mtihani tu.

Injinia ni jina la utani alilopewa na mdogo wake, kwa kuwa dada mtu alikuwa akisomea ujenzi. Wote wawili walikuwa wanachuo. Wiki tatu nzima walizunguka na dalali kutafuta chumba, mpaka soli za viatu zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Vya karibu na chuo havishikiki kwa bei, vya bei nafuu viko mwisho wa dunia. Hatimaye wakapata kimoja, dakika kumi tu kutoka getini, uani kwa fundi wa nguo aliyeitwa Mama Cherehani. Mama aliwapa sharti moja: kitu kikiharibika, aambiwe.

Siku ya pili Injinia akaona ufa juu ya kitanda cha mdogo wake, mwembamba kama unywele. Moyo ukampiga paa! Dalali alishawasimulia wapangaji waliotolewa ili chumba kikarabatiwe, kisha kikapandishwa bei. Akisema, watalala wapi? Akabandika ratiba ya vipindi juu ya ule ufa, na mdomo akautia kufuli.

Lakini darasani walifundishwa: gundisha kipande cha karatasi katikati ya ufa, kikichanika, ukuta unatembea. Akagundisha. Kila asubuhi aliinua ratiba, akapiga picha kwa simu, akalinganisha na ya jana. Siku ya tano karatasi ikachanika. Kijasho chembamba kikamtoka. Unajua alifanya nini? Akagundisha nyingine.

"Dada, mbona unaikodolea macho hiyo ratiba?" mdogo wake akamuuliza.

"Naangalia kipindi cha kesho."

"Kesho Jumapili, Injinia."

Ya pili ikachanika. Ya tatu nayo. Mchanga ukaanza kudondoka kwenye mto, mdogo wake akalaumu mchwa, na Injinia akaitikia kuwa kweli, ni mchwa.

Alasiri moja mvua kubwa ikanyesha. Injinia alikuwa maktaba, akizipitisha zile picha kwa kidole, harakaharaka, na ufa ukawa unatambaa kwenye kioo cha simu kama nyoka. Mdogo wake alikuwa amebaki chumbani na homa. Akampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akatoka mbio, miguu haigusi chini.

"Mama, ukuta! Mdogo wangu yumo ndani!"

Mama Cherehani akatupa nguo aliyokuwa akishona, akausukuma mlango kwa bega, akambeba binti wa watu mgongoni. Hawajavuka kizingiti sawasawa, ukuta ukalala kitandani, na tofali moja likaruka likamvunja binti mguu.

Mama akamgeukia Injinia. "Ulikuwa unajua?"

Injinia akampa simu. Mama akazitazama picha zote, moja baada ya nyingine. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, chumba cha mbele kiko wazi mwezi mzima. Ningewahamishia kwa bei ileile. Si nilisema mniambie?"

Injinia akaangua kilio. Kikavuka uzio, kikaingia nyumba ya pili na ya tatu, majirani wakaja mbio kuuliza kuna nini. Ratiba ilikuwa matopeni, na siri yake sasa wanaijua wote: mficha maradhi, kilio humuumbua.