Mwenye Sura

Hapo zamani, na wala si zamani mno, maana hata mimi nilikuwa bado natafuna muwa kwa meno yangu, mji mdogo wa Namkonda ulikuwa na tamasha lake la sanamu. Kila baada ya mavuno wachongaji walichonga hadharani uwanjani. Sanamu moja ilichaguliwa, ikawekwa bustanini, iwe mali ya mji. Zilizobaki zilichukuliwa na mwenye sura, yaani yule aliyechongwa. Na sanamu ikigombewa, hapewi mtu: inaachwa hapo hapo uwanjani, inyeshewe, iliwe na mchwa.

Basi palikuwa na Bi Somoe. Mwanawe mkubwa, Chilumba, alikwenda machimboni kutafuta riziki. Hakurudi, hakusikika, na masikini ya Mungu, hakuacha hata picha. Bi Somoe akaanza kuisahau sura yake. Hilo ndilo lililomtia wazimu. Akamwendea Sinaali, mchongaji, mchumba wa Chilumba, ambaye bado alikuwa anamngoja.

"Mwanangu, nichongee mwenzio kabla hajanitoka kichwani."

"Mama, hata mimi ananitoka," akasema Sinaali. "Macho ninayo. Mengine yote yamefutika."

Bi Somoe akafanya lake. Akamwita Mkumbaru, mdogo wa Chilumba, aliyefanana naye kama shilingi kwa ya pili, akamvisha shati la kaka yake, akamkalisha uwanjani mbele ya gogo la Sinaali. Loo! Kijana akakaa, jua likampiga.

Sanamu ilipokwisha, Bi Somoe aliikumbatia akalia mbele za watu. Wazee wa tamasha wakachagua nyingine ya bustani. Akashukuru Mungu, akaita mkokoteni.

"Ngoja, Mama," akasema Mkumbaru. "Hiyo sura ni yangu."

"Yako? Si ya kaka yako hiyo!"

"Asiyekuwepo na lake halipo. Aliyekaa juani ni mimi. Tangu kaka aondoke hujanikumbatia hata siku moja, Mama. Leo umenikumbatia kwenye mti. Basi nipe mti wangu."

Sinaali naye akaishika sanamu mkono. "Shemeji, macho haya sikuyatoa kwako, nimeyatoa moyoni mwangu. Mama ana mtoto mwingine. Mimi nina nani?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema Bi Somoe, akaivuta sanamu kwake. Alitamani kumwona Chilumba. Kisha akamtazama Mkumbaru, akaona ndevu zimemwota. Zimeota lini? Hakujua. Hata hivyo hakuiachia sanamu.

Wingu likatanda. "Elewaneni," wazee wakasema, "au ibaki hapa."

Haya, ninyi mnaotikisa vichwa, semeni. Mama aliyezaa, ndugu aliyekaa juani, mchumba aliyechonga: je, nani alistahili kwenda nayo nyumbani?