Kitanda Kilichogoma Kutoka

Paukwa! Mbona pakawa yenu imelala? Chepe, funga mdomo huo, nzi wataingia. Haya.

Zamani, zamani hasa, enzi kuku walipokuwa bado wanabisha hodi kabla ya kuingia jikoni, palikuwa na fundi wa samani, Mzee Famau. Vitanda vyake havikujua msumari. Ulimi wa ubao uliingia tundu lake, ukabana, na siku ya kuhama kitanda kilifunguliwa vipande vipande.

Mwanafunzi wake, Shekuwe, alijua kuchonga maua, lakini ndimi zake zililegea. Naye alimpenda Bishukuru, binti wa fundi, akampenda mpaka akawa anaranda vidole badala ya mbao.

Mzee akamwambia, "Nitakuoza. Ila kitanda utengeneze mwenyewe, na Ijumaa ya arusi, kabla ya adhuhuri, kiwe na binti yangu. La sivyo, tafuta mkwe mwingine."

Shekuwe akachonga, akachonga, akachonga. Ndimi zikalegea, zikalegea. Mnadhani alirudia? Thubutu. Alichemsha gundi akaimimina kila tundu, kitanda kikasimama imara.

Ijumaa wakaja wabebaji karakana, wakipeleke kwa bibi arusi. Kitanda hakifunguki. Wakakiinamisha, mlango ukakataa. Wakakisimamisha, mlango ukakataa.

"Tuvunje mlango," akasema mmoja.

"Huo nimeuchonga mimi," akasema Mzee Famau. "Uguse, nikuone."

Shekuwe akaketi juu ya maranda akalia. Mwanamume mzima, wanangu, ndevu zimejaa gundi.

Habari zikamfikia Bishukuru nyumbani, hina bado mbichi. Akajitanda leso, akaja karakana, akaketi juu ya kitanda.

"Baba, ulitaka kitanda kiwe nami kabla ya adhuhuri. Kiko nami. Chenyewe kina miguu minne na kimeshindwa kuja. Mimi kwa miwili nimefika. Mwite kadhi."

Mzee alitafuna ndevu, kisha akamwita.

Mnadhani Shekuwe alipona? Maharusi waliishi humo humo karakana, wakipiga chafya kwa vumbi la mbao, na kila alfajiri baba mkwe alibisha hodi na birika la maji moto. "Leo tunalainisha gundi ya tundu lipi, mwanangu?" Kila ulimi ulipotoka, Shekuwe alichonga mwingine, mpaka ukabana wenyewe. Miezi saba! Ndipo wakahamia nyumbani kwao, kitanda begani vipande vipande, na siku hiyo Mzee Famau akamwita Shekuwe "fundi" kwa mara ya kwanza.

Basi kazi ikilegea, wajukuu zangu, irudieni mapema, kabla baba mkwe hajaja na birika.

Hadithi nimeiweka chini. Atakayeiokota aipige randa.