Fisi Aliyeonja Nyumba

Nagonga.
— Nani?
Ngano.
— Imetoka wapi?
Imetoka mbali, miguu imevimba.
— Basi iingie, lakini isimame pale tuione.

Imeingia. Hapo kale palikuwa na pimbi mmoja, mjane, wakimwita Mama Mashaka. Pimbi mnamjua: kanyama ka kwenye mawe, hakana mkia, ukikaona utadhani panya aliyeshiba. Mama Mashaka alikuwa na watoto wanne. Walikaa kwao kwenye mawe makubwa, wanaota jua, hawana ugomvi na mtu.

Vita vikaja. Chui wa juu wakapigana na chui wa chini. Waligombania nini, pimbi hawakuambiwa. Walichoona ni kwamba chui wa juu wakishinda, wanakula pimbi kusherehekea. Chui wa chini wakishinda, wanakula pimbi kusherehekea. Baba Mashaka alikwenda na sherehe ya tatu. Basi Mama Mashaka akawakusanya watoto, akawabeba mgongoni, akajitosa mtoni, tubwi, tubwi, tubwi, mpaka ng'ambo, nchi ya wenyewe.

Mpakani alikaa Kanga, karani. Yale madoa mnayoyaona mwilini mwake ni wino, ameandika miaka mingi. Hakuinua kichwa.

"Wangapi?"

"Watano, bwana karani."

"Mwenyeji wenu nani?"

"Hatuna. Ndiyo kwanza tunafika."

"Asiye na mwenyeji hakai. Anarudi alikotoka."

Mama Mashaka akageuka akatazama mto. Ng'ambo ya pili chui walikuwa wananguruma. Akakaa chini.

Hata hajakaa vizuri, akasikia ti, ti, ti. Ni Fisi huyo anakuja. Siku zile fisi alikuwa amenyooka, mgongo sawa kama meza, akitembea ardhi inatikisika.

"Poleni, poleni sana ndugu zangu," akasema Fisi. "Nimesikia habari zenu, roho imeniuma. Bwana karani, andika. Hawa ni wageni wangu."

Mama Mashaka akawaza: hajaniuliza hata jina, keshakuwa ndugu yangu.

Kanga akachukua karatasi. "Niandike nini?"

Fisi akamnong'oneza. Kanga akaandika alichoambiwa. Kazi ya kufikiri ilikuwa ya karani mwingine, na huyo siku hiyo hakuja. Akagonga muhuri, pwa.

"Nitakuja siku ya nne kukagua," akasema. "Nikikuta wageni hawana nyumba, wanarudi mtoni."

Fisi akampa Mama Mashaka ile karatasi, anacheka hi-hi-hi. "Iweke tu, mama. Maandishi yasikusumbue. Ni mambo ya baraka."

Asilolijua Fisi ni kwamba Mama Mashaka alijifunza kusoma ukubwani, na nywele zimeshaanza mvi, kwa kijiti na vumbi. Akabaki nyuma kidogo. Akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza. Mi-mi Fi-si. Ni-ta-wa-tu-nza ha-wa pi-mbi wa-ta-no. Mpa-ka. Wa-ne-ne-pe.

Akarudi mwanzo akasoma tena, maana anayesoma polepole hakosi neno. Neno likawa lile lile.

Angefanya nini? Bila Fisi, ni chui. Kwa Fisi, ni Fisi. Akaikunja karatasi, akaibana kwapani, akawafuata.

Siku ya kwanza Fisi akashuka kutoka nyumbani kwake kilimani na chungu cha uji wa karanga.

"Kuleni, wanangu. Kuleni mashavu yajae."

Watoto wakanyoosha mikono. Mama Mashaka akaipiga, pa, pa, pa, pa.

"Mwenyeji wetu, usituone wakaidi. Kwetu mgeni hagusi kitu mpaka mwenyeji aonje kwanza. Anatoa uchawi."

"Uchawi? Mimi huyu?"

"Si wewe, baba. Ni desturi. Tukiiacha, wazee wetu huko waliko watatusema."

Fisi akaonja. Na kuonja kwa fisi mnakujua. Glu. Glu, glu. Glu, glu, glu, akalamba chungu mpaka kikang'aa.

"Umo?" akauliza Mama Mashaka.

"Nimeutafuta mpaka chini kabisa," akasema Fisi. "Haumo."

Watoto wakala majani ya kando ya njia.

Siku ya pili Fisi akaleta kikapu cha viazi vitamu kutoka shambani kwake.

"Kuleni, wanangu. Kuleni matumbo yatune."

"Onja kwanza, baba."

Fisi akaonja. Cha juu hakina uchawi. Lakini uchawi wenyewe unaweza kuwa wa katikati. Tafu, tafu. Au wa chini. Tafu, tafu, tafu. Kikapu kikabaki kikapu. Watoto wakala majani ya kando ya njia.

Siku ya tatu Fisi akawatazama kwa makini. Akawabonyeza mbavu kwa kidole, mmoja mmoja.

"Mbona hamnenepi?"

"Ugeni, baba. Mgeni hanenepi mpaka apate pa kulala."

Aliyenenepa alikuwa mwenyeji. Tumbo lake lilifagia nyasi.

"Basi leo nawapa nyumba," akasema Fisi. "Mkilala vizuri mtajaa."

Akawapeleka kwenye pango. Mdomo mmoja, na juu ya mdomo jiwe pana, limezuiwa na kijiti. Ubavuni palikuwa na ufa mwembamba, wa kupitisha pua tu. Mama Mashaka akalizunguka pango mara moja. Akalizunguka mara ya pili.

"Mwenyeji, mlango huu unafungwaje?"

"Ukivuta kijiti, jiwe linashuka."

"Na kijiti kiko nje."

"Kiko nje."

"Sasa aliye ndani akitaka kufunga?"

"Hana haja. Nitawafungia mimi. Huku kuna wezi."

"Na kufungua?"

"Ah, mama, maswali yako kama ya karani. Wenzio wanakimbia vita, wanapewa nyumba, wanashukuru."

"Tunashukuru sana, baba. Watoto, shukuruni."

Watoto wakashukuru. Hakuna aliyesogea.

"Haya, ingieni."

"Tutaingia. Onja kwanza."

"Nionje nyumba?"

"Nyumba ndiyo inayoweka uchawi kuliko chungu. Ingia, jilaze kidogo, geuka huku, geuka huku, utuambie."

Fisi akafikiri. Ameonja uji, hakudhurika. Ameonja viazi, hakudhurika. Kuonja alikuwa ameshakupenda. Akavuta pumzi, akajisukuma na tumbo lake, fyuu, ndani.

"Pako vizuri," akasema kutoka ndani.

"Fika mpaka mwisho, baba. Uchawi unajificha pembeni."

"Nimefika mwisho."

Mama Mashaka akavuta kijiti. Gubuu.

Pua ikatokeza kwenye ufa.

"Mama. Jiwe limeshuka."

"Nimeliona."

"Lipandishe."

"Nilikuuliza linapandishwaje. Hukunijibu."

Fisi akapiga jiwe mateke, akatukana, akaapa. "Nikitoka hapa nitawatafuna wote, na mifupa yenu."

"Kabla hatujanenepa?" akauliza Mama Mashaka. "Karatasi haikusema hivyo. Nimeisoma."

Mateke yakakoma. Lile la kusoma lilimwuma kuliko jiwe.

Siku ya nne Kanga akaja, kalamu sikioni.

"Mwenyeji yuko wapi?"

"Yumo humo, bwana karani. Muulize mwenyewe."

Kanga akasogeza mdomo kwenye ufa. "Bwana Fisi, umefungiwa?"

Fisi akapima. Akisema ndiyo, ataulizwa mlango wa kuwafungia wageni kwa nje aliujenga wa nini.

"Sijafungiwa," akasema. "Napumzika."

"Na wageni wanakaa wapi?"

Mama Mashaka akapaza sauti. "Mwenyeji wetu ametupa nyumba yake ya kilimani, na shamba lake. Yeye kasema hapa panamtosha. Si ndiyo, baba?"

Kanga akasubiri.

"Si ndiyo, baba? Au nimsomee bwana karani ile karatasi, polepole, mpaka aanze kufikiri?"

"Ndiyo," ikasema sauti kwenye ufa. "Nimewapa."

Kanga akaandika alichoambiwa. Pwa.

Jioni ile ile watoto wanne walilala kilimani, na viazi tumboni, na hakuna wa kuwarudisha mtoni.

Fisi akakaa siku tisa. Uji ukaisha mwilini, viazi vikaisha. Siku ya tisa akajipenyeza chini ya jiwe. Mbele kukapita. Nyuma kukabanwa. Akavuta, akavuta, akatoka, lakini kiuno kikabonyea. Ndiyo maana mpaka leo fisi mbele yuko juu, nyuma yuko chini, na hatembei tena ti, ti, ti. Anatembea chopi, chopi, chopi.

Akapita chini ya kilima. Juu ya jiwe alikaa Mama Mashaka, macho kodo.

"Habari za hapo, mama?"

"Nzuri. Njia ni hiyo hapo chini."

Fisi akaifuata. Na pimbi mpaka leo hawalali wote kwa pamoja. Mmoja anakaa juu anaangalia nani anakuja, na kwa nini anacheka.

Ngano imefika kwake, imejilaza. Asiitingishe mtu.

Mafunzo yake ni haya, myashike: mtu akikuonea huruma akakupa nyumba, usimchoshe kwa maswali. Ingia tu. Fisi mwenyewe aliingia bila kuuliza hata moja, na akapata mapumziko ya siku tisa.