Makao Makuu ya Kamati ya Sili

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wanyama walipokuwa wakipikiana chai na kualikana harusini, palikuwa na ufuko kule kusini kabisa, ambako maji ya bahari ni baridi mpaka meno yanagongana. Wewe unayechezea ndala, tulia! Sirudii.

Ufuko huo ulikuwa wa sili. Sili ni mnyama wa baharini mwenye manyoya mazito, masharubu, na mapezi badala ya miguu. Walikuwa wengi, wamebanana, kelele tupu. Akina mama walikwenda kuvua samaki siku mbili tatu, watoto wakabaki ufukoni. Mama akirudi huita, "Mbwaaa!" Na katika watoto wote wale, wake tu ndiye huitika, "Mbeee!" Hawapoteani hata siku moja.

Basi akaja Fisi kutoka bara, amevaa tai, na Mbweha nyuma yake kabeba faili.

"Ndugu zetu sili," akasema Fisi huku akimeza mate, "tumesikia mnapungua. Imetuuma sana! Tumeunda Kamati ya Kulinda Sili. Mimi Mwenyekiti, Mbweha Katibu, na hawa fisi watano ni wajumbe."

"Tumepungua lini?" akauliza sili mmoja aitwaye Mama Kibonge.

"Mtapungua," akasema Mbweha, akaandika.

Sili wakapiga makofi, pwa pwa pwa! Ndivyo walivyokuwa, wakiona tai tu wanapiga makofi.

Kamati ikaanza kazi. Kila ikikaa kikao, mtoto mmoja wa sili haonekani tena. Mama akiuliza, Mbweha hufungua faili. "Amehamishiwa mahali salama." Na Fisi pembeni anachokoa meno! Kanuni yao ilikuwa moja tu: mjumbe akiondoka kabla kikao hakijafungwa, hana fungu. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuondoka.

Siku moja asubuhi Mama Kibonge akarudi kutoka kuvua. "Mbwaaa!" Kimya. "Mbwaaa!" Kimya. Kibonge, mwanawe wa pekee, hayupo.

Akajiburura mpaka kwa Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo kama sungura, mkia hana, anaishi kwenye nyufa za majabali juu ya ufuko. Kazi yake kutwa ni kuota jua na kutazama mambo ya watu.

"Shoga, nimekwisha! Wamemchukua Kibonge wangu!"

"Yu hai," akasema Pimbi. "Nimewaona wakimsukumia ndani ya pango lao. Ni wa kufungia kikao cha leo, nao wote wamekaa mlangoni. Futa machozi, shoga. Wale huwatoi kwa ngumi. Wale hutolewa kwa heshima."

Akateremka tap tap tap mpaka pangoni.

"Hodi, waheshimiwa! Jamani, hamwoni haya? Kamati kubwa namna hii inakaa pangoni kama popo? Makao makuu yenu si yale kule!"

Akawaonyesha jabali moja mbele kabisa, mwisho wa mchanga. Maji yalikuwa yamekupwa, jabali likafikika kwa miguu mikavu. Wale watu wa bara walidhani ndivyo linavyokaa siku zote. Hawakujua kwamba bahari huondoka ikarudi.

"Ukikaa juu pale, Mheshimiwa, kila sili anakuona," akasema Pimbi.

Fisi akaweka tai yake sawa. "Kila sili?"

"Hata walio majini."

"Na mtoto?" akauliza Mbweha.

"Mwacheni alale. Mkifunga kikao, mtamkuta palepale. Au mnataka aonekane akibebwa?"

Hawakutaka. Wakaenda, wakapanda, wakakaa. Fisi akafungua kikao kwa hotuba. Akajipongeza, akampongeza Katibu, Katibu akampongeza yeye. Kisha zikasomwa kumbukumbu za kikao kilichopita.

Chwaa!

"Mwenyekiti," akasema Mbweha, "naona maji."

"Hayamo kwenye ajenda!"

Chwaa! Chwaa!

"Mwenyekiti, yamenifika tumboni."

"Toka basi! Fungu lako nitakula mimi."

Mbweha akatazama ufukoni, akakumbuka Kibonge alivyonona, akakaa.

Wakati huo Mama Kibonge alikuwa mlangoni mwa pango. Akajikaza. "Mbwaaa!"

Kimya kidogo. Kisha kutoka gizani, "Mbeee!"

Akaingia mbio, akamnusa kichwa, akamnusa shingo, akalia mpaka akacheka.

Walipotoka nje, jabali lilikuwa kisiwa. Fisi saba, sijui sita na Mbweha, wamepandiana migongoni, na faili linaelea.

"Uwiii! Sili, ndugu zetu! Tuokoeni!"

Sili wote wakajipanga majini kuwatazama. Mama Kibonge akasogea karibu, mwanawe ubavuni.

"Poleni sana! Imetuuma mno. Tumeunda Kamati ya Kulinda Fisi."

"Haya, haya! Itakaa lini?"

"Keshokutwa."

"Keshokutwa! Tutakufa! Tufanyeje sasa?"

Pimbi akaitika kutoka juu ya majabali, jua likimpiga tumboni. "Tulieni, Waheshimiwa. Mmehamishiwa mahali salama!"

Sili wakapiga makofi, pwa pwa pwa! Mara hii walijua wanampigia nani.

Wale waheshimiwa wakakaa pale jabalini wakitetemeka mpaka maji yalipokupwa, kisha wakatimua mbio, puu, mpaka bara. Huko wakatangaza kuwa wamejiuzulu kwa hiari yao.

Basi, wanangu, akija mtu kujitia mlinzi wenu, mwulizeni kwanza jana alikula nini.