Mkanda wa Mheshimiwa Kiboko

Hapo zamani za kale, na msidhani ni kale sana, maana ofisi zilikuwa zimeshaanza, aliishi Bi Nguchiro, mwembamba kama kamba, mwepesi kama cheche, na mpenda kushona ngozi kuliko kula.

Hakushona ili auze. Alishona kwa sababu mikono yake ilipenda. Asubuhi, akishafagia uwanja na kuwanywesha wanawe uji, huketi kizingitini na kuumwaga mfuko wake chini, pwaa! Humo mlikuwa na kisu kifupi, bonge la nta ya nyuki, uzi wa katani, na msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Msharasi huo alipewa na shoga yake Nungunungu, aliyeung'oa mgongoni mwake mwenyewe na kusema, "Aii! Haya, chukua, lakini usiniombe mwingine."

Vilivyobaki mfukoni vilikuwa vipande vya ngozi, vingine vidogo kuliko sikio la panya. Bi Nguchiro alivipanga, akavipangua, akaongea navyo.

"Wewe utakuwa ala ya kisu. Wewe na wewe mtaoana muwe kipochi. Wewe, sijui bado, lakini usiende mbali."

Kisha, tobo! shwii! tobo! shwii! Uzi ukaingia, uzi ukatoka, na jua likapanda bila yeye kujua.

Mtauliza, ngozi zenyewe zilitoka wapi, kama nchi nzima ilikuwa ya wanyama? Msiniulize mimi. Muulizeni Fisi, ambaye kila penye msiba alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na marehemu akazikwa akiwa amepungua. Kwa uzoefu huo Fisi alipewa cheo cha Afisa Ngozi. Ghala lake lilijaa, na vipande alivyovitupa nyuma ya ghala ndivyo Bi Nguchiro alivyookota.

Kazi iliyompa Bi Nguchiro sifa mtaani ilikuwa ya vibuyu. Kibuyu kikipasuka, alikata ukanda wa ngozi mbichi, akauloweka hadi ukawa chepechepe, akakizungushia kibuyu, akashona na kukiweka juani. Ngozi ikikauka hujikaza yenyewe, kri-kri-kriii, na ufa ukafumba kama mdomo wa mtoto aliyeonyeshwa fimbo.

"Ngozi mbichi haina adabu," alikuwa akiwaambia jirani zake. "Ikilowa ni laini kama mchumba. Ikikauka, mama yangu, ni mkwe!"

Basi asubuhi moja, hodi! Kabla hajaitika, Fisi ameshaingia, kofia ya kazi kichwani, pua mbele.

"Karibu, Bwana Afisa."

"Sikuja kukaribishwa. Nimekuja kukagua. Unafanya nini hapo?"

"Nashona."

"Unauza?"

"Siuzi."

"Unagawa bure?"

"Jirani akiwa na shida, naam."

"Ahaa! Basi unashindana na serikali."

Bi Nguchiro akaweka msharasi chini. "Kwani serikali inashona, Bwana Afisa?"

"Haishoni. Lakini ingeshona. Kazi yako hii inaitwaje?"

"Si kazi. Ni raha yangu tu."

Fisi akakuna shingo. Neno hilo lilimsumbua. "Raha iko chini ya idara gani?"

"Haiko chini ya mtu."

"Ndiyo maana haijakaguliwa! Na vipande hivi?"

"Nimeviokota. Ulivitupa mwenyewe nyuma ya ghala."

"Nilivitupa kiserikali," alisema Fisi kwa ukali. "Kitu kilichotupwa kiserikali hakiokotwi na raia. Hi-hi-hi! Lete mfuko."

Akauzoa wote, kisu, nta, uzi, msharasi na vipande, akautundika shingoni kama mtoto wa shule, akaondoka akichechemea.

Sitawadanganya, hakuna aliyelala njaa nyumbani kwa Bi Nguchiro kwa sababu ya mfuko ule. Uji ulipikwa, uwanja ukafagiliwa. Lakini alipoketi kizingitini mikono yake haikujua pa kwenda. Ikashika ukingo wa nguo, ikauachia. Ikashika mkia wake mwenyewe, ikauachia. Mwanawe mdogo akamwuliza, "Mama, mikono yako inaumwa?" Bi Nguchiro akasimama papo hapo, akajifunga kanga kiunoni na kwenda kwa mkuu wa nchi.

Mkuu wa nchi alikuwa Kiboko, na kwa ukubwa wa mwili hakuna aliyepinga. Walimkuta, Bi Nguchiro na Nungunungu aliyemsindikiza, amekaa kwenye tope la kiofisi akifanya mazoezi ya hotuba. Kesho yake ilikuwa Siku ya Shukrani, siku ambayo wananchi hukusanyika kumshukuru Kiboko, naye huwaeleza kwa kirefu wanamshukuru kwa nini. Fisi alisimama kando, mfuko shingoni, akitikisa kichwa kwa kila neno.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Sema upesi," alisema Kiboko, ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kusema upesi. "Shida gani?"

"Mfuko wangu, Mheshimiwa. Ule pale, shingoni kwa Bwana Afisa."

Kiboko akautazama, kisha akamtazama Bi Nguchiro, na wazo likamjia polepole, kama vile mawazo yalivyozoea kumjia.

"Wewe ndiye fundi wa ngozi? Vizuri. Nimesikia mkuu wa bonde la pili anavaa mkanda. Mimi nitakosaje? Nishonee mkanda wa heshima. Na Fisi umshonee wake, mwembamba kidogo. Baada ya sherehe, suala la mfuko wako litatazamwa."

"Litatazamwa au nitarudishiwa?"

"Litatazamwa kwa jicho la kurudishiwa," alidakia Fisi.

"Na nisione viraka!" alinguruma Kiboko. "Ngozi nzima! Mheshimiwa havai mabaki. Mabaki ni ya watu wadogo."

"Nimesikia, Mheshimiwa. Mabaki ni ya watu wadogo. Lakini ngozi nzima iliyo ghalani bado mbichi. Inatakiwa ilowekwe kwenye maji ya magome ya mgunga mpaka ikubali kulainika. Ni kazi ya..."

"Sherehe ni kesho!"

"Basi inabidi niseme jambo kuhusu ngozi mbichi na jua..."

"Hebu nyamaza! Mimi nazungumza na wewe unazungumza? Fisi, mpe vifaa ashone, akimaliza virudi mfukoni. Na mfuko huo usifunguliwe tena na yeyote, ila kwa neno litakalotoka kinywani mwangu mimi. Umesikia?"

"Kinywani mwako wewe," alisema Fisi, akiinama hadi kofia ikaanguka.

Bi Nguchiro alimtazama Kiboko. Akalitazama lile tumbo, lilivyoanzia kifuani likafika miguuni bila kituo. Na hapo, watoto wangu, tumbo lile likaanza kumfanania na kitu anachokijua sana. Lilikuwa kibuyu. Kibuyu kikubwa, kisicho na ufa.

Sauti yake ikawa tamu ghafla. "Mheshimiwa, swali moja la fundi. Unataka mkanda wa kuvuliwa, au wa kutovuliwa?"

"Wa kutovuliwa!" Kiboko alipiga tope, pachaa! "Nani wa kunivua mimi?"

"Ndivyo nilivyofikiri. Wa kuvuliwa una kishikizo. Wako nitaushonea mwilini."

"Na wangu pia!" alisema Fisi. "Wangu pia usivuliwe!"

"Na wako, Bwana Afisa. Tena sherehe isiwe kivulini. Mkanda huu haung'ai kivulini."

Nungunungu akamfinya shoga yake. Bi Nguchiro hakumtazama, maana angecheka.

Asubuhi ya sherehe akaja mtoni, Fisi akimkabidhi vifaa kimoja kimoja na kuvifuatilia kwa macho. Ngozi ilikuwa nene, imelowa, inateleza. Akamzungushia Kiboko, akavuta, akashona. Tobo! shwii! tobo! shwii!

"Ooh, baridi!" alisema Kiboko. "Kumbe heshima ni baridi!"

Ikaja zamu ya Fisi. Alipokuwa akimshona, moyo wa Bi Nguchiro ulimsuta kidogo, akamnong'oneza.

"Bwana Afisa, nakuambia kweli. Ngozi hii ikipigwa na jua itajikaza. Mwambie mkuu wako hotuba iwe fupi, mkimaliza mje niwafungue. Mtaondoka salama."

Fisi alimkodolea macho. "Nimwambie nini?"

"Afupishe hotuba."

"Mimi? Nimwambie Kiboko afupishe hotuba? Nina watoto mimi! Nina nyumba ya ofisi!"

"Haya basi. Nimeshasema." Akafunga fundo, akakata uzi, akarudisha vifaa mfukoni na mfuko shingoni kwa Fisi. Moyo wake ukanyamaza.

Wananchi wakajaa uwanjani, juani. Kiboko akapanda jukwaani, Fisi nyuma yake.

"Ndugu wananchi! Kabla sijaanza kusema, ningependa kusema machache. Na kabla ya hayo machache, niseme kwanza neno la utangulizi..."

Makofi! Jua likapanda. Kiboko akaeleza historia ya mto. Akaeleza historia ya tope. Alipofika kwenye mchango wa babu yake katika tope, mkanda ukasema kri.

"...babu yangu, ndugu wananchi, alikuwa..."

Kri-kri.

"...alikuwa mtu wa... hm... wa upana..."

Kriii!

Sauti ya Kiboko, iliyokuwa ikitikisa majani, ikaanza kupungua. Ikawa ya mbuzi. Ikawa ya kifaranga. "Nduu wananciii..." Wananchi wakadhani anaimba, wakapiga makofi kwa mdundo.

Nyuma yake Fisi alibanwa mpaka macho yakatoka. Akafungua kinywa kuomba msaada, lakini mnajua Fisi akibanwa hutoa sauti gani. "Hi-hi-hi! Hiiii-hi-hi!"

"Afisa anacheka," mtu akanong'ona. "Lazima mkuu ametania." Na kwa kuwa afisa amecheka, uwanja mzima ukacheka. Kadiri Fisi alivyoteseka ndivyo wananchi walivyovunjika mbavu kwa utiifu.

Bi Nguchiro akapenya katikati ya miguu ya watu, akapanda jukwaani. Tumbo la Kiboko lilikuwa limegawanyika matumbo mawili, moja juu, moja chini, na katikati mkanda mgumu kama ubao.

"Kata!" alihema Fisi. "Kata, dada yangu! Hi-hi! Kata!"

"Nikate kwa kitu gani, Bwana Afisa? Kisu kimo mfukoni."

"Chukua! Mfuko huu hapa!"

"La, la, la!" Bi Nguchiro akarudi nyuma, mikono juu. "Mfuko ule haufunguliwi ila kwa neno la Mheshimiwa mwenyewe, kinywani mwake. Mimi raia mdogo nikaguse kitu cha serikali? Mbele ya watu wote hawa?"

"Mheshimiwa, sema!" alilia Fisi. "Sema neno!"

Kiboko akafungua kinywa chake chote. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitakiwa kusema, na hakuwa na pumzi.

"Usijisumbue na utangulizi, Mheshimiwa," alisema Bi Nguchiro kwa upole. "Neno moja tu. Mfuko ni wa nani?"

Kiboko akavimba. Akawa mwekundu, akawa wa zambarau. "W... wa... wako."

"Sikusikia vizuri, na hawa wa nyuma sidhani kama wamesikia."

"WAKO!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Wengi walikubaliana baadaye kuwa ilikuwa hotuba bora ya Kiboko, na hadi leo wanaikumbuka yote.

Bi Nguchiro akauchukua mfuko, akaketi na kuufungua bila haraka. Akapapasa msharasi, akaubusu. Akatoa nta.

"Nta yangu ina alama za meno."

"Nilidhani ni mafuta," alikiri Fisi, akilia na kucheka pamoja.

Ndipo akachukua kisu. Kiboko kwanza, paa! Mkanda ukaruka, matumbo mawili yakakumbatiana tena kama ndugu waliopotezana. Kisha Fisi, paa! Akaanguka chali, miguu juu, akitweta.

Bi Nguchiro akaokota vipande vyote, ngozi nzuri, nene, ya kutosha mwaka mzima.

"Weka chini!" alihema Fisi kutoka pale alipolala. "Ngozi ya serikali hiyo!"

"Ngozi? Haya ni mabaki, Bwana Afisa. Na Mheshimiwa mwenyewe alisema mabaki ni ya watu wadogo. Au nitengue kauli yake?"

Kiboko alikuwa ameshapata pumzi. Akakohoa, akatengeneza koo, akawageukia wananchi. "Sasa, ndugu wananchi, kama nilivyokuwa nikisema kuhusu babu yangu..."

Bi Nguchiro akachomoa msharasi, akautazama juani.

"Mheshimiwa, nikushonee mwingine?"

Kiboko akatazama ncha ya msharasi. "Sherehe imefungwa," akasema, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile wananchi walikula pilau ikiwa bado ya moto.

Tangu hapo, ukipita kwa Bi Nguchiro asubuhi utamkuta kizingitini, tobo! shwii! Fisi naye hupita, hushika tumbo, huvua kofia na kuuliza, "Unafanya nini, dada?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Raha yangu." Fisi haulizi tena iko chini ya idara gani.

Hadithi yangu nimeikatia uzi hapo, na fundo lake ndilo hili: mkubwa asiyetaka kuambiwa ukweli hubanwa na fahari yake, na mdogo aliyeogopa kumwambia hubanwa pamoja naye.