Kesi Husikilizwa Panama

Cherehani aliyoinunua fundi nguo Bi Mwanahija mtandaoni iligoma kushona siku ya kwanza. Mwenye duka hilo la mtandaoni, Bwana Kivuyo, aliishi mtaa wa pili hapohapo Korogwe, hivyo mama huyo akamfuata.

"Mama, ulibonyeza 'Nakubali'," alisema Kivuyo. "Kesi zetu husikilizwa Panama tu. Nauli unayo?"

"Kosa langu, bosi. Sikusoma."

Adabu hiyo ilimfurahisha Kivuyo, akampa kitambaa cha suti yake ya harusi aishone, akatia sahihi kwenye risiti aliyopewa na kuondoka.

Asubuhi ya harusi alikuta suruali ya mguu mmoja.

"Soma nyuma ya risiti, bosi. Malalamiko husikilizwa kwa bibi yangu kule milimani Mlalo, siku ya gulio tu. Huo mguu mmoja nimeushona kwa mkono. Ila wa pili nimeshaukata, unasubiri cherehani nzima."

Cherehani mpya ilifika kwa bodaboda baada ya robo saa. Haikupitia Panama.