Maji ya Bi Mwanabaraka

Mkakasi ni kijaluba cha mti. Fundi hukichonga, akakitia nakshi na rangi, akakiwekea mfuniko unaokaa sawasawa, na anayekiona hudhani kuwa ndani mna thamani kama ile ya nje. Akikifunua hukuta mti mtupu. Wazee wetu walikitumia kutuonya tusiyaachie macho kazi ya kuamua kila jambo, kwa kuwa macho, kama viungo vingine alivyotujaalia Mwenyezi Mungu, yana mpaka wake. Muhidini bin Saadi aliujua mpaka huo baada ya kulipa kilicho ghali kuliko mali.

Muhidini alikuwa mkulima wa mpunga katika kitongoji kilichoinuka kidogo juu ya bonde la Rufiji, upande wa Mohoro. Mama yake, Bi Mwanabaraka, alipofariki dunia, Muhidini aliuza ufuta wake wote wa mwaka ule akamchimbia kisima cha sadaka. Alishuka shimoni mwenyewe, akatoka amepauka mchanga mwili mzima kama aliyefufuka, kisha akakijenga kwa pete za zege na kukiwekea mdomo wa saruji. Shehe Abdulswamadu, imamu wa msikiti wao, alikisomea dua na kuwakumbusha watu kwamba sadaka ya maji haikatiki: kila kiumbe anywaye, thawabu humfikia marehemu kaburini mwake.

Kabla ya hapo watu walikunywa maji ya mto, yenye rangi ya chai ya maziwa, ambayo hata ukiyatuliza mtungini usiku kucha huacha tope chini. Maji ya kisima yalikuwa maangavu kama kioo na matamu kama ya madafu. Jioni, Muhidini alipenda kukaa barazani kwake kusikiliza ndoo ikitua majini. Kila iliposhuka alisema polepole, "Mama, hiyo yako." Mkewe, Zabibu, alimcheka akimwambia kwamba ameanza kuwa karani wa peponi.

Ikaja masika ambayo mto ulivunja kingo zake. Bonde lote likawa bahari, mpunga ukalala, na nyumba za udongo zikayeyuka kama sukari. Watu walipanda juu na magodoro vichwani. Muhidini hakuwa mchoyo. Aliwapa shamba lake la mihogo lililokuwa mteremkoni, juu ya kisima, wajenge vibanda vyao. Walijenga, na kila kaya ikachimba choo chake cha shimo, kirefu, kwani waliambiwa choo kifupi hakina heshima. Maji ya mafuriko yalipopungua, wengi walikuwa wamekwisha kuzoea mahali pale, wakabaki. Kisima nacho kilibaki kilivyokuwa: kiangavu, kitamu, hakina hata unyasi.

Kiangazi matumbo yakaanza kuwasumbua watu. Mtoto huyu akiharisha, lawama ziliangukia maembe mabichi. Mtu mzima akitapika, ilisemwa samaki amelala. Mwanajuma, jirani aliyekuwa na mapacha wanaotambaa, aliona ni jicho la watu, akawafunga hirizi. Hakuna aliyeyashuku maji. Nani amshuku rafiki aliyemtoa matopeni?

Aliyeyashuku alikuwa Zaitun, mhudumu wa afya wa kitongoji, binti wa marehemu dada yake Muhidini. Alichukua maji ya kisima katika chupa akayapeleka Kibiti kupimwa, na majibu yaliporudi alikwenda kwanza kwa mjomba wake, kwa adabu, kabla mtu mwingine hajasikia. Alimweleza kwamba maji yamekutwa na vijidudu vya kinyesi; kwamba vyoo vya mteremkoni vimefika kwenye maji ya chini; kwamba mchanga wao huchuja tope lakini hauchuji kisichoonekana. Aliomba maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na vyoo vihamishwe.

Muhidini alimsikiliza hadi mwisho. Kisha aliuliza kwa sauti ya chini, "Umepima kisima gani, mwanangu?"

"Hiki chetu, mjomba."

"Hiki cha bibi yako. Aliyekulea akakubeba mgongoni. Umekwenda kusoma Kibiti, umerudi unasema bibi yako anawanywesha watu mavi."

"Bibi ni wangu pia," Zaitun alisema, machozi yakimlengalenga. "Kwa sababu hiyo ndiyo nimekuja kwako kwanza."

 Mjomba alichota maji kwa kata, akayanusa, akayaonja, akamnyooshea. Rangi i wapi? Ladha i wapi? Harufu i wapi? Tangu utotoni, katika chuo cha Kurani, walifundishwa kwamba maji ambayo hayakubadilika sifa hizo tatu ni twahara.  Zaitun alikuwa na chupa ya dawa ya maji tu, akaiacha mlangoni.

Dawa kama ile Zaitun aliigawa nyumba kwa nyumba, chache zikaitia katika madumu, na hapo ndipo jambo lilipoharibika zaidi. Akina mama walicheka kisimani hadi ndoo zikawaponyoka. Mwanajuma alisema maji yananuka kama shuka la hospitali, na kwamba mumewe amemuuliza chai ameipika au ameifua. Muhidini aliposikia hayo aliona amepata hoja. Maji ya mama yake hayakuwa na harufu. Dawa ndiyo iliyoyatia harufu. Sasa kipi kimeyachafua?

Ili kumaliza maneno alimwendea Shehe Abdulswamadu baada ya sala ya Ijumaa. Swali lake alilikata kama fundi cherehani anayekata kitambaa kumtosha yeye peke yake. Hakusema neno juu ya kunywa. Hakutaja majibu ya Kibiti. Aliuliza, "Shehe, maji ya kisima yasiyobadilika rangi, ladha wala harufu, ni twahara?"

"Ni twahara," Shehe alijibu. "Tawadha bila wasiwasi."

Muhidini alirudi nayo hiyo "ni twahara" kama askari arudivyo na bendera, na kabla ya magharibi kitongoji kizima kilikuwa kimeambiwa kwamba Shehe ameyapitisha maji. Dawa ya Zaitun ikarudishwa kwake nyumba kwa nyumba. Aliyetia shaka tena alionekana anashindana na dini.

Zabibu pekee ndiye aliyejaribu. Siku moja mumewe alimkuta ameinjika sufuria la maji matupu jikoni, akamuuliza anapika nini. Zabibu alisema anachemsha ya kunywa, si kwa ubaya, ila tumbo lake si zuri siku hizi. Muhidini hakugombana. Alisema neno moja tu: "Ukichemsha maji ya mama yangu, umemwambia mama yangu ni mchafu." Zabibu alimtazama, akatoa kuni moja moja jikoni, akazizimisha mchangani. Alikuwa mke aliyempenda mkwewe hata baada ya kifo, na hakutaka neno hilo liwe lake.

Haikupita mvua ya vuli. Alfajiri moja Zabibu alianza kuharisha na kutapika mfululizo, na jua lilipopanda macho yake yalikuwa yamezama na ngozi ya mikono imekunjamana kama ya mfuaji nguo. Zaitun alikuja mbio, akamkorogea chumvi na sukari katika maji aliyoyachemsha kwake, lakini kila alichokunywa kilirudi. Bajaji ikakodiwa. Nia ilikuwa kuvuka daraja wamfikishe Ikwiriri, na ikibidi waendelee hadi hospitali ya Mchukwi. Muhidini alikaa na mkewe nyuma, kichwa chake mapajani, na mkononi ameshika chupa aliyoijaza mwenyewe kisimani wakati wa kuondoka. Zaitun alijibana pembeni na chupa yake.

Njiani Zabibu alifumbua macho. "Nipe maji," alisema. "Ya mama."

Muhidini alifungua kizibo. Aliinamisha chupa kuelekea midomo ile iliyopasuka, na hapo mkono wake ukasita. Ulimi ulikuwa umeapa miezi yote ile. Mkono ulikataa kuapa. Alibaki hivyo huku bajaji ikirukaruka mashimoni, maji yakimetameta mbele ya macho yake, safi, hayana kosa linaloonekana. Kisha alitoa mkono nje akayamwaga barabarani. Bila kumtazama mpwa wake usoni, alinyoosha kiganja, na Zaitun akampa chupa yake.

Zabibu alimeza kidogo. "Mbona si matamu?" aliuliza.

"Ndiyo yale yale," Muhidini alisema.

Zabibu alikata roho kabla hawajafika Ikwiriri. Dereva alizima injini bila kuambiwa, akavua kofia yake, na wote wanne, watatu wazima na mmoja maiti, wakakaa kando ya barabara huku malori ya mkaa yakipita.

Walimrudisha nyumbani mchana ule. Wanawake walitundika kanga kuzunguka kitanda cha kuoshea, wakaagiza maji. Shehe Abdulswamadu, akiwa amesimama uani, aliwaelekeza vijana wateke kisimani. Muhidini aliinuka mahali alipokuwa ameketi.

"Ya kisimani, Shehe? Yatafaa?"

"Yatafaa. Ni twahara."

Lilikuwa jibu lile lile, kutoka katika kinywa kile kile. Miezi michache nyuma alilibeba kama bendera. Sasa lilimwangukia kama jiwe. Alielewa kwamba siku ile alipewa jibu sahihi la swali alilouliza, na kwamba swali alilopaswa kuuliza alilificha mwenyewe, akamficha Shehe, akajaribu kumficha na Mola wake. Maji yalikuwa twahara ya kumtawadhisha aliye hai na kumuosha maiti. Hakuna mahali popote katika jibu lile paliposemwa kwamba mkewe anywe.

Baada ya matanga, mbele ya wanaume wote waliokaa kwenye majamvi, Muhidini alieleza kila kitu: majibu ya Kibiti, swali alivyolikata, kuni za Zabibu. Hakulia. Mwisho aliuliza lile lililokuwa likimla usiku na mchana: mama yake sasa anapata nini kaburini?

Uso wa Shehe ulijaa simanzi, kwani alitambua jinsi jina lake lilivyotumika. "Nia yako ulipochimba Mungu anaijua, na mama yako hapotezi kitu," alisema. "Lakini sadaka ni kumnufaisha mja. Tangu siku ulipoambiwa pana madhara ukaendelea kuwagawia watu, hayo si ya mama yako tena. Hayo ni yako. Omba toba, na uwatoe watu katika madhara leo, usingoje kesho."

Siku ile ile kisima kilifunikwa mbao. Zaitun alipita tena nyumba kwa nyumba, safari hii na mjomba wake nyuma yake, na alichokisema Zaitun, Muhidini alikirudia. Walikubaliana kwamba maji yale yatumike kutawadhia na kufulia tu. Ya kunywa yatafuatwa kwenye pampu ya kisima kirefu katika kijiji cha pili, mwendo wa kuchosha, hadi vyoo vihamishwe na maji yapimwe tena. Wengine walimtukana hadharani. Mwanajuma, ambaye pacha wake mmoja alikuwa angali amelala amekonda kama ukuni, hakumtukana. Alisema, "Ulikosea, Muhidini, na sisi tukakushangilia. Kile kicheko cha shuka la hospitali kilikuwa changu." Maneno hayo yalimuuma kuliko matusi.

Tangu hapo, kila kulipopambazuka, Muhidini alionekana akisukuma baiskeli yenye madumu kutoka pampuni, akiyashusha kwenye milango ya wenye wagonjwa. Wachache walimshukuru. Hakuwa na haja ya kurudi nyumbani haraka, kwa kuwa jiko lilikuwa baridi.

Alasiri akienda msikitini hutawadha kwa maji ya kisima kile, kama sheria inavyomruhusu. Huomba mkewe apanuliwe kaburi, na huomba naye asamehewe, ingawa hajui kama ameanza kusamehewa. Huteka maji kiganjani, na huwa maangavu hata mistari ya kiganja husomeka ndani yake. Husukutua, kisha hutema, na hutema tena, mpaka ahakikishe kwamba hata tone halikubaki kinywani. Amekwisha kujua, na bei ya ujuzi huo imelala makaburini: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.